Bahasha Chini ya Mlango

Kaeni, wapendwa, kaeni. Na wewe mzee wa kanisa uliyeanza kuangalia saa kabla sijafungua mdomo, nimekuona. Leo sichelewi. Nina habari moja tu, habari ya boksi, nikiimaliza mtakwenda kula ndizi zenu.

Habari hii nimeitunga mwenyewe. Nasema mapema kwa sababu nawajua. Tukitoka hapa, kuna watu watasimama pale kwenye ngazi waanze kuulizana, "Eti mchungaji alikuwa anamsema nani?" Simsemi mtu. Ila ukijiona humo ndani, usininunie mimi.

Haya. Palikuwa na mama mmoja, fundi wa kutengeneza maboksi ya zawadi. Si yale ya dukani, hapana. Yake alikuwa anayatengeneza kwa mkono: anakata katoni, anapiga rula, anapaka gundi, anavalisha kitenge, anafunga riboni, mpaka unasahau kwamba hili boksi juzi lilikuwa limebeba sabuni za mche. Harusi, kipaimara, mtu kastaafu, wote walikuwa wanakwenda kwake. Mtaani walimwita Mama Boksi, na mimi nitamwita hivyohivyo.

Mama Boksi alikuwa na rafiki yake. Huyu nitamwita Tusekile. Ni jina la bibi yangu mzaa mama, yeye alishatangulia, hawezi kuja kunilalamikia. Tusekile alikuwa muuza maandazi, ana miaka arobaini na saba, na siku moja aliamka akasema anataka kuwa fundi umeme.

Mnacheka. Na wao walicheka hivyohivyo! Mtaa mzima ulicheka. Walimwambia, "Mama, wewe na umeme wapi na wapi? Utaungua kama andazi." Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Boksi alimtazama akamwambia, "Tuse, wewe kasome. Mimi nitakuwa nakuuliza maswali."

Na kweli alimuuliza. Miaka miwili, wapendwa. Kila jioni Tusekile akitoka chuoni anapita kwa rafiki yake, anakaa kwenye kigoda, mwenzake anapaka gundi huku amefungua daftari magotini.

"Waya mwekundu ni wa nini?"

"Wa moto!"

"Ukiukuta uko wazi?"

"Siushiki!"

"Unafanya nini kwanza?"

"Nazima kwenye swichi kubwa!"

Mama Boksi mwenyewe mpaka akawa anajua. Ilifika mahali mtu akija kuagiza boksi la harusi anaulizwa nyumbani kwake wamefunga waya gani. Na wakati mwingine Tusekile alikuwa anakata tamaa, analia palepale kwenye kigoda, anasema akili yake imeshakuwa ngumu. Mama Boksi alikuwa anaweka brashi chini, anamshika mkono, anasubiri alie amalize. Kisha anafungua daftari. "Haya, waya mwekundu?"

Basi, Tusekile akafaulu. Akafaulu vizuri! Kituo kimoja cha afya kikasikia, kikamwambia: tunahitaji fundi, kazi ni yako, lete cheti halisi Jumatatu ya tarehe fulani. Halisi, si kivuli. Usipoleta, yuko mwingine anasubiri. Na wanawake wa jumuiya wakasema huyu lazima tumfanyie sherehe, Jumamosi kabla ya hiyo Jumatatu, katika ukumbi wa kanisa.

Sasa Mama Boksi akasema moyoni mwake: nimetengenezea watu wote maboksi, wengine hata siwapendi. Kwa Tuse nitatengeneza boksi ambalo halijawahi kuonekana.

Akajifungia ndani. Boksi hilo lilikuwa la namna hii: ukinyanyua kifuniko, kuta zote nne zinalala chini zenyewe, wazi, kama ganda la ndizi. Ndani linatokea boksi la pili, nalo hivyohivyo. Ndani ya la pili, la tatu. Na ndani ya la tatu, vifaa vya kazi: tesita, koleo na bisibisi tatu. Kwenye kifuniko ameandika TUSEKILE kwa herufi za dhahabu. Mapenzi hayo! Nani hapa amewahi kutengenezewa kitu kama hicho? Nyoosha mkono nikuone. Naona hakuna. Mke wangu naye hajanyoosha, tutaongea nyumbani.

Ikafika Jumanne, kama saa nne asubuhi, mvua hizi zetu zinanyesha. Mama Boksi yuko katikati ya kazi, boksi liko mezani limekaa wazi na jina lake. Akasikia mlango unagongwa kwa ngumi.

"Dada! Dada, fungua!"

"Nani?"

"Mimi Tuse! Fungua, nina kitu!"

Mama Boksi akalitazama boksi. Akiingia ataliona boksi, na sapraizi imekufa. Akapiga kelele, "Usiingie! Mimi... mimi naoga!"

Sauti kutoka nje: "Dada, unaoga sebuleni?"

"Leo ndiyo naogea hapa!"

"Basi jifunge kanga ufungue, mvua inanipiga. Nina kitu cha kukuonesha, dada. Nimetoka nacho chuoni sasa hivi, hata nyumbani sijafika."

"Pitisha chini ya mlango!"

"Hiki si cha kupitisha chini ya mlango."

"Tuse, pitisha tu! Nitakiangalia!"

Tusekile akasimama pale nje. Halafu bahasha ya kaki ikaingia chini ya mlango, taratibu, na miguu ikasikika inaondoka kwenye tope.

Mama Boksi akaiokota. Je, aliifungua? Hakuifungua. Hata kuigeuza hakuigeuza. Mkono una gundi, akili iko kwenye kona ya kushoto ya boksi ambayo haijanyooka. Akasema, "Nitaiangalia baadaye," akaitupa kwenye rundo la makaratasi yake, kwenye kadi za mifano na mabaki ya manila. Na mchana wakaja watu wa kipaimara kuchagua kadi, wakapekua rundo lote, juu likawa chini. Bahasha imekwisha kusahaulika.

Jioni akaweka vifaa ndani ya boksi ajaribu kulinyanyua. Kitako kikabonyea. Koleo ni zito, jamani, ni chuma. Akatafuta kitu kigumu cha kukaza kitako. Akapapasa kwenye rundo, mkono ukakutana na bahasha fulani ya kaki, bapa, ngumu kama ubao. Maana chuo walikuwa wamekiweka cheti katikati ya makadi mawili magumu ili kisikunjike. Akaipima kwenye kitako. Imekaa sawasawa! Akasema, "Ahsante Yesu."

Ndiyo, alimshukuru na Bwana.

Akaipaka gundi juu na chini, ile gundi nyeupe ya maseremala, siyo ya unga wa ngano, maana hili ni boksi la Tuse. Akaweka katoni huku na huku, akavalisha kitenge, akaweka jiwe juu likauke.

Mnashika vichwa. Ngojeni kwanza.

Kesho yake, Jumatano, wakakutana bombani. Tusekile uso umejaa maswali. "Dada, ile bahasha uliiona?"

Hapa, wapendwa, mtu angeweza kusema neno dogo tu: "Mwenzangu, sijaifungua, nisamehe." Sekunde tano, yamekwisha. Lakini nani anapenda kusema hivyo? Mama Boksi akasema, "Niliiona, Tuse! Nzuri sana!"

"Uliifungua?"

"Niliifungua."

Tusekile akaweka ndoo chini. "Bila mimi?"

"Ningesubirije? Furaha ilinizidi."

"Na jina langu wameliandika sawasawa?"

"Sawasawa kabisa. Kwa herufi kubwa."

"Na picha?"

"Picha ndiyo usiseme! Umetoka kama bibi harusi!"

Uongo bwana hauendi peke yake, ukiuruhusu unaita na shemeji zake. Tusekile akatabasamu, akajitwisha ndoo yake. "Basi, dada, hicho cheti nitunzie wewe. Kwangu bati linavuja. Nitakichukua Jumamosi kwenye sherehe nikioneshe watu, Jumatatu nakipeleka kazini. Naona ni sawa kikae kwako, maana hata hivyo ni chetu sote."

Cheti! Mama Boksi aliliacha bomba linatiririka. Alirudi nyumbani mbio, na mwili ule, mpaka watu wakadhani kuna moto. Akapekua rundo. Hakuna. Akainua godoro. Hakuna. Akaangalia ndani ya sufuria. Sasa sufuria na cheti wapi na wapi? Lakini mtu aliyepoteza kitu cha mwenzake anatafuta hata mahali ambapo hakiwezi kuingia. Akawafuata watu wa kipaimara, akawasachi kadi zao mbele ya mtoto wa watu. Alhamisi akatafuta, Ijumaa akatafuta. Na bahasha ilikuwa wapi? Semeni kwa sauti, wa nyuma wasikie. Ndiyo! Ilikuwa mezani, mbele ya macho yake, amelala nayo chumba kimoja.

Na je, alikwenda kumwambia Tusekile kwamba cheti hakionekani? Wapi! Alifanya kile tunachofanya wote tukiwa na hatia. Akazidisha mapambo. Kila akiingiwa na woga anaongeza ua. Akikumbuka Jumatatu, anaongeza riboni. Ijumaa hofu ilipomkaba kabisa alilimwagia boksi zile chengachenga za kumetameta, kopo zima, akijiambia kwamba Tuse akiona uzuri huu hata habari ya cheti itamwingia taratibu. Boksi likazidi kupendeza. Mwenyewe akazidi kukonda.

Jumamosi ikafika. Ukumbi umejaa, pilau inanukia, kwaya ya kina mama wamevaa sare. Mshereheshaji yupo, mnawajua wale, wa suti inayong'aa kuliko bwana harusi. Na maikrofoni siku hiyo ilikuwa inasikika vizuri ajabu. Kwa nini? Kwa sababu Tusekile mwenyewe aliifungua Ijumaa akaitengeneza. Miaka mitatu ilikuwa inakoroma tu, sasa ilikuwa inashika hata mtu akimeza mate. Ishikeni vizuri hiyo habari ya maikrofoni.

Zawadi zikaanza. Mnajua utaratibu wetu, hakuna kutoa zawadi kimyakimya. Unacheza nayo kutoka mlangoni mpaka mbele. Wakacheza na mabeseni, wakacheza na blanketi, mzee mmoja akacheza na jogoo, jogoo akamponyoka akaingia chini ya meza ya mgeni rasmi. Kisha mshereheshaji akatangaza, "Na sasa, rafiki wa damu! Mama Boksi!"

Mama Boksi akaingia na boksi kichwani. Ukumbi ukasimama. Vigelegele mpaka bati likatetemeka. Boksi linamwaga chengachenga njia nzima. Likawekwa mezani, Tusekile akanyanyua kifuniko, kuta zikalala, pwaa! La pili, pwaa! La tatu, pwaa! Tesita hiyo, koleo hilo. Tusekile akalia. Akamkumbatia mwenzake, akasema, "Dada yangu, dada yangu."

Na Mama Boksi anafurahi? Anakufa huyo, ndani kwa ndani, anahesabu dakika.

Mshereheshaji, mtu wa kuchokonoa, akalinyanyua boksi akaligonga chini kwa vidole. Ko, ko, ko. "Jamani, hiki kitako mbona kigumu kama ubao? Fundi, umeweka nini humu?"

Hapo ndipo Mama Boksi alipokumbuka. Jumanne. Jioni. Bahasha ya kaki. "Ahsante Yesu."

Na mshereheshaji hana habari, anaendelea, "Haya, sasa tuoneshwe chenyewe! Cheti kiko wapi?"

Tusekile akasema kwa fahari, "Anacho dada yangu. Nilimpa yeye anitunzie."

Watu mia mbili wakamgeukia Mama Boksi.

Sasa niambieni, ungekuwa wewe ungefanyaje? Kuna mlango wa kweli na kuna mlango wa uongo, yote miwili iko wazi, na maikrofoni iko mdomoni. Mama Boksi akavuta pumzi. Akasema, "Kiko humohumo! Kwenye kitako! Ni sapraizi!"

Ukumbi ulilipuka! Watu walipanda kwenye viti. Mgeni rasmi alisimama akapiga makofi, akasema katika maisha yake hajaona akili kama hiyo. Kina mama wakaanzisha wimbo palepale. Kikaletwa kisu cha keki, kitako kikapasuliwa, katoni ikabanduka, na bahasha ya kaki ikatoka mzimamzima, gundi imekaukia nje, ndani iko salama. Mama Boksi alicheza! Alicheza kama mtu aliyefufuliwa, na alikuwa na haki. Cheti kimepatikana, Jumatatu imepona, uongo umegeuka ufundi. Tungeweza kusema amina tukaenda nyumbani.

Ila Tusekile hakucheza. Alikuwa ameigeuza bahasha, ameishika kwa mikono miwili, anaitazama nyuma.

Nyuma ilikuwa imefungwa. Imebandikwa, na muhuri wa chuo umepigwa juu ya ule mfuniko, nusu huku nusu huku, mzima, haujapasuka hata kidogo. Bahasha hiyo hakuna aliyewahi kuifungua.

Tusekile akasema taratibu, alidhani ananong'ona, "Dada, uliniambia uliifungua."

Maikrofoni ikaipeleka sauti yake kwa watu wote. Wimbo ukakatika. Hata jogoo alitoka chini ya meza kuangalia.

"Uliniambia jina langu ni herufi kubwa. Uliniambia kuhusu picha."

Mama Boksi akaanza kuokota vipande vya katoni sakafuni.

"Mimi mwenyewe sijaifungua, dada. Sijui hata kimeandikwa nini. Nilikitoa chuoni mikononi mwa mkuu, wenzangu wote walifungua palepale wakapiga picha. Mimi nikasema hapana, hiki nitakifungua na dada yangu, kwa sababu siku nilizolia aliyekuwepo ni yeye. Nikatembea nacho kwenye mvua nimekifunga kifuani, nguo zimelowa, chenyewe hakijalowa. Nikafika mlangoni kwako." Akaibana bahasha kifuani. "Nilitaka ufungue mlango tu."

Mama Boksi akasema, "Tuse, nilikuwa nakutengenezea boksi."

"Najua. Ni zuri. Sijawahi kupewa kitu kizuri kama hiki. Na siku ile nilirudi nyumbani nikala maandazi peke yangu, siku niliyokuwa fundi. Umeniumiza, dada."

Mama Boksi, yule mwenye maneno mengi, akapiga magoti mbele ya watu mia mbili, chengachenga zinametameta mpaka kwenye nyusi. Akasema, "Sikuifungua. Hata kuigeuza sikuigeuza. Niliipaka gundi. Na nimekudanganya mara mbili, bombani na hapa. Nisamehe, Tuse."

Tusekile akamnyooshea ile bahasha. "Simama. Fungua."

"Mimi?"

"Nilikuletea wewe ufungue. Haya, fungua."

Akafungua. Vichwa viwili vikainama juu ya karatasi moja. Wakasoma jina. Wakasoma tena, kwa sauti. Mama Boksi akageuza mbele na nyuma, akageuza tena, akasema, "Tuse, picha iko wapi?"

"Hakuna picha, dada. Hakijawahi kuwa na picha."

Ukumbi wote ukaangua kicheko, na wale wawili wakacheka kuliko wote, wameshikana, wanacheka na kulia kwa wakati mmoja. Tusekile alipopata pumzi akauliza, "Dada, waya mwekundu ni wa nini?"

"Wa moto."

"Na uongo?"

"Wa moto," akasema Mama Boksi. "Siushiki tena."

Jumatatu cheti kikafika kituo cha afya. Karani akakitoa kwenye bahasha, chengachenga zikamwagika mezani kwake. Akauliza, "Mama, hiki cheti kimetoka harusini?" Lakini kazi alipata.

Sasa, wapendwa, msicheke sana. Turudi kwetu sisi.

Mama Boksi alikuwa mtu mbaya? Hapana. Alimpenda Tusekile kuliko mtaa mzima. Kila gundi aliyopaka ilikuwa upendo. Lakini alikuwa anashughulika sana na kumpenda Tusekile, mpaka Tusekile mwenyewe alipokuja akamwacha kwenye mvua. Hapo ndipo napaogopa mimi. Angekuwa anamchukia tungemwelewa upesi.

Na sisi je? Sisi ni mafundi wakubwa wa maboksi. Tunamfanyia mama mzazi sherehe ya miaka sabini, hema, keki ya ngazi tatu, sare za vitenge, na mama mwenyewe ameanza sentensi moja tangu mwezi wa tatu, hajapata mtu wa kuimalizia. Mtoto anakuja na daftari, "Baba, ona," na baba, macho kwenye simu, anasema, "Safi sana, mwanangu!" Safi nini? Umeona? Kwenye lile kundi letu la simu la jumuiya, mwezi uliopita mtu alituandikia habari ya msiba. Watu tisa walijibu, "Amina, hongera sana." Tisa! Niliwahesabu. Wawili wako kwaya.

Tunasema tumeona, na muhuri haujapasuka. Tunasema, "Nitakuombea," na hatujauliza anaumwa nini. Na kwa Mungu ni hivyohivyo. Tunampambia nyumba hii, maua, mapazia, tunabishana wiki mbili kuhusu rangi ya kapeti, na akibisha hodi mwenyewe tunamjibu kutoka ndani, "Bwana, tuko bize na mambo yako! Pitisha chini ya mlango!"

Naona mnatikisa vichwa. Mnasema leo mchungaji amewapata watu. Subirini basi nimalizie, maana hii sehemu ya mwisho sikuitunga.

Alhamisi nilikuwa ofisini kwangu, pale nyuma, naandaa mahubiri haya. Haya mnayoyasikia. Nilikuwa nimefika mahali patamu, pale Tusekile anaposimama kwenye mvua, na kalamu inakwenda. Mlango ukagongwa. Mtu akasema, "Mchungaji, una nafasi kidogo?" Na mimi nikasema, sikuinua hata kichwa, nikasema, "Niko na mahubiri, ndugu yangu. Kama ni barua, pitisha tu."

Bahasha ikapita, nikaichomeka kwenye Biblia yangu, ikakaa humo tangu Alhamisi. Leo asubuhi naifungua Biblia ndipo nimeikuta. Hii hapa. Mnaiona? Geuzeni macho yenu muiangalie vizuri. Imefungwa.

Aliyeileta amekaa humu ndani. Sikutaji, wala usiinue kichwa. Sitaifungua hapa mbele, na sitaifungua peke yangu. Mwalimu wa kwaya, imbeni wimbo, na mchague mrefu, wenye beti zote. Mzee wa kanisa, ile saa yako sasa ndiyo uiangalie, utamalizia ibada wewe. Mimi nashuka, nakwenda kusimama pale nje chini ya mchirizi wa bati. Najua kunanyesha.

Wewe uliyebisha, utanikuta.